Waligombea Sahani Yangu

Kwa karibu miaka miwili, wanaume wawili wanaonipenda waligombea sahani yangu, na aliyelazwa hospitali ni mimi. Nalisema hili mapema ili lisije likapotea katikati ya maneno. Ninaandika kwa ajili ya mtu anayejichoma sindano ya sukari kila asubuhi, ambaye wakati huu huu yupo ndugu, au jirani, au sauti fulani kwenye simu, inayomwambia aache.

Naitwa Roda. Nakaa Mlali, wilaya ya Kongwa, na kazi yangu ni kukamua alizeti. Watu wanaleta magunia, tunamimina mbegu kwenye mdomo wa mashine, mafuta yanatokea huku na mashudu, makapi ya kulishia mifugo, yanatokea kule. Tangu alizeti inapovunwa mpaka mawingu ya Novemba yanapoanza kujikusanya, nanuka mafuta hata nikioga mara mbili. Mume wangu, Yona, anafundisha hesabu shule ya msingi. Binti yetu Tumaini ameolewa Chemba, kwa hiyo nyumbani tuko wawili. Kaka yangu Elia, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka minne, ni mtumishi wa serikali Dodoma mjini.

Sukari nilikutwa nayo zamani. Nikala vidonge miaka sita, kisha vidonge vikashindwa, nikaanzishiwa sindano. Wakati huo nilikuwa na kilo mia moja na nne. Ngazi tatu za banda la mashine nilizishuka kinyumenyume, nimeshika nguzo, kwa sababu magoti yalikataa kushuka kama ya watu wengine. Siku moja kwenye kliniki ya Alhamisi, baada ya kukaa kwenye benchi tangu saa moja mpaka saa saba, daktari alinitazama, akatazama kadi, akasema, "Mama, uzito. Punguza uzito." Akanipa karatasi yenye picha za vyakula. Nje kulikuwa na watu arobaini wanamsubiri, simlaumu.

Karatasi ile Yona aliipokea kama mtihani wa taifa.

Alinunua daftari kubwa, akaweka programu ya kuhesabu kalori kwenye simu yake, akaleta nyumbani mizani ndogo. Kuanzia hapo ugali wangu ulipimwa kabla ya kufika mezani. Tatizo ni kwamba programu ile haikuwahi kufika kwetu. Ilijua mikate ya aina ishirini lakini haikujua ugali wa uwele.

"Mlenda haumo," Yona alisema, ameinamia simu.

"Basi andika majani."

"Majani gani? Yako aina nyingi humu."

"Mwalimu, chakula kinapoa."

Tukacheka. Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Aliamua nisizidi kalori elfu moja na mia mbili kwa siku, na mimi nikakubali kwa sababu niliona anavyohangaika. Tulianza wakati wa kupanda, na kufikia palizi ya pili nilikuwa nimepungua kilo tisa. Sitadanganya, hesabu ilifanya kazi. Ngazi za banda nilianza kuzishuka nikitazama mbele.

Ila chakula nilikata nusu, na sindano nikaendelea kujichoma kiasi kile kile. Hakuna aliyekwenda kuwaambia watu wa kliniki. Mimi sikujua kama ilikuwa lazima, na Yona alikuwa anahesabu kinachoingia mdomoni tu.

Siku niliyoanguka, katikati ya msimu wa kukamua, mashine ilikuwa inaunguruma na nilikuwa nimeshika koleo la mashudu. Nilianza kutetemeka mikono. Jasho likanitoka la baridi, macho yakaona mawili mawili. Nilipozinduka nilikuwa nimelala juu ya viroba, na mteja mmoja, mwanamke wa Kigogo ambaye sikuwahi hata kumuuliza jina, alikuwa amenishika kidevu ananinywesha soda kidogo kidogo. "Meza, mama. Meza tena," alikuwa anasema. Shangazi yake alikuwa na ugonjwa huo, kwa hiyo alijua. Mungu ambariki popote alipo.

Yona alikuja mbio kutoka shuleni, chaki bado mikononi. Akapiga magoti pembeni yangu, akafungua daftari, akapitisha kidole.

"Ulibakiza mia mbili na themanini," akasema. "Ulikuwa na nafasi ya kula, Mama Tumaini. Kwa nini hukula?"

Najua sasa kwamba alikuwa ameshtuka, na mtu akishtuka anakimbilia kitu anachokijua. Lakini siku ile nililichukia daftari kuliko nilivyouchukia ugonjwa.

Ndipo Elia akaja kututembelea, wiki ya Pasaka ya mwaka uliofuata.

Sikumtambua alipokuwa anashuka kwenye gari. Kaka yangu alikuwa mtu wa tumbo, mtu wa kukaa kwenye viti viwili kanisani. Sasa shati lilikuwa linamning'inia, na mkanda ulitobolewa matundu mapya. Alikuwa ameacha ugali, wali, mkate, viazi, hata maharage. Alikuwa anakula mayai, parachichi, nyama yenye mafuta, kitimoto, na samli kijiko kizima kizima. Naye alikuwa na sukari, ile ya vidonge tu, na daktari wake alikuwa amempunguzia vidonge hivyo baada ya vipimo. Hayo yote yalikuwa kweli, na nayasema ili nimtendee haki. Mjini alikuwa mwenyekiti wa kundi zima la watu wanaokula hivyo.

Mezani, siku ya Pasaka yenyewe, walianza.

"Shemeji," Elia alisema, "dada yangu unamlisha namba."

"Kijiko kimoja cha hayo mafuta unayojimiminia kina kalori mia na ishirini," Yona alijibu. "Kimoja tu. Zidisha mwenyewe."

"Kalori! Mimi nimekula mafuta mwaka mzima na nimepungua kilo thelathini. Mwili siyo daftari, Mwalimu."

"Na dunia yote inayohesabu ni wajinga?"

"Dunia yote ina njaa. Mwone anavyotetemeka."

Walikuwa wananizungumzia mimi, mbele yangu, na hakuna aliyeniuliza hata kama nataka mchuzi. Lakini lazima nikiri kwamba moyoni nilikuwa upande wa Elia. Nilikuwa na njaa ya miezi. Halafu yeye alisema neno ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia tangu niugue: kwamba mafuta siyo adui. Mimi naishi kwa mafuta. Miaka yote ya kliniki nilikuwa nasikia "epuka mafuta, epuka mafuta," nikirudi nyumbani kukamua mafuta, nikijiona kama mtu anayeuza sumu. Nilimwamini kaka yangu kwa sababu aliisifia kazi yangu. Sababu ni hiyo, haina heshima sana, lakini ndiyo ya kweli.

Wiki za kwanza zilikuwa sikukuu. Asubuhi mayai matatu yaliyokaangwa, mchana nyama na mboga inayong'aa, jioni parachichi. Njaa iliondoka kabisa. Uzito ulikuwa unashuka kama gunia lililotoboka. Pete ya ndoa ilinitoka kidoleni ikaanguka kwenye mashudu, tukaitafuta nusu saa. Yona alifunga daftari lake, akaliweka juu ya kabati, akawa anakula ugali wake peke yake upande wa pili wa meza.

Kila siku Elia alikuwa ananipigia. Kwanza alisema nipunguze sindano, kwamba sindano ndiyo inayoninenepesha. Nikapunguza. Sukari ikawa siyo mbaya sana. Alizeti ilipoanza kuingia, mwezi wa sita, akaniambia sasa niko tayari.

"Iache, Roda. Mimi nimeacha vidonge."

"Ulisema vimepunguzwa."

"Vimepunguzwa, na vilivyobaki nimeacha. Niko mzima, si unanisikia?"

Yona alikuwa amesimama mlangoni. Aliposikia, akasema, "Mimi hili sikubali. Twende kwanza kliniki wakuangalie." Nikamjibu, "Wewe ndiye uliyeniangusha bandani." Lilikuwa jibu baya, na lilikuwa langu. Hakuna aliyenishika mkono. Sindano niliiweka kwenye chungu cha maji yenye baridi ninamoihifadhia, nikafunika, na asubuhi iliyofuata nikaenda kazini bila kujichoma.

Siku ya pili nilikuwa na kiu. Siyo kiu ya kawaida. Nilikuwa nakunywa jagi zima na ulimi unabaki kama kitambaa. Siku ya tatu nikaanza kutapika. Nilimpigia Elia, akasema mwili unajisafisha, ninywe maji yenye chumvi, nisikate tamaa. Siku ya nne sikuweza kwenda bandani. Nilikuwa nahema kama mtu aliyepandisha mlima, ilhali nimelala. Nilikuwa nasikia Yona ananiita kutoka mbali sana, ingawa alikuwa ameketi kitandani.

Yona hakumpigia mtu yeyote kuomba ushauri. Alisimamisha kirikuu kilicholeta alizeti kutoka shambani, akateremsha magunia mwenyewe, akabakiza manne ya kunilaza. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Alinishikia khanga juu ya uso njia nzima mpaka hospitalini. Hayo nilisimuliwa. Mimi nakumbuka rangi ya khanga tu, jua likiwa nyuma yake.

Kipimo cha kidoleni kilikataa kutoa namba. Kiliandika herufi mbili, maana yake iko juu kuliko kinavyoweza kuhesabu.

Nililazwa siku tisa. Dripu mbili, mkono huu na mkono huu. Vidole vyangu vilitobolewa kila saa mpaka muuguzi akahamia masikioni kwa huruma. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo bibi mmoja mgonjwa wa kifua, na mwanawe aliyekuwa anamhudumia, Mama Grasi, aliponiona siwezi kugeuka, alinichanganya kwenye zamu zake bila kuniuliza. Akimwosha mama yake miguu, ananiosha na mimi. Akimpaka mafuta, ananipaka na mimi, hata katikati ya vidole. "Tulia, siyo kazi," alikuwa anasema nikijaribu kukataa. Mtu akiniuliza ugonjwa ulinifundisha nini, nitamwambia habari za Mama Grasi kabla ya habari za chakula.

Siku ya sita nilisimama. Bafuni kulikuwa na kipande cha kioo kimewekwa juu ya bomba. Nilimwona mwanamke mwenye mashavu yaliyozama, shingo ya kamba, ngozi ya mikono imelegea kama mikono ya shati la mtu mwingine. Kitenge kilichokuwa kinanizunguka mara moja kwa shida, kilinizunguka mara mbili. Nilikuwa nimeutafuta wembamba kwa miaka, na sasa ulikuwa umenijia nikauogopa.

Elia alikuja siku ya saba, na mfuko wa parachichi. Alikaa, akaniuliza hali, kisha akasogea karibu.

"Niambie kweli, Roda. Ulikula wanga kwa siri?"

Nilimtazama.

"Maana ukichanganya ndiyo madhara yanatokea. Ukifuata vizuri hayatokei."

Yona hajawahi kumpaazia sauti mtu wa upande wangu tangu anioe. Siku ile wodi nzima ilimsikia. "Toka!" alisema. "Shemeji, kwa heshima zote, toka nje kabla sijakosea!" Elia alichukua parachichi zake akatoka. Mimi niligeukia ukuta. Machozi yalikataa kuja. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ndiyo ilikuwa nguvu yangu ya kwanza tangu nilazwe.

Kabla ya kuruhusiwa nilikaa na muuguzi wa kliniki ya sukari, Sista Agnesi, mama wa makamo asiyecheka ovyo. Yona alikuwapo na daftari. Alikuwa amelirudisha kutoka juu ya kabati. Elia naye alirudi siku hiyo, akakaa mwisho wa benchi. Sista akauliza mimi nakula nini kwa kawaida. Yona akajibu. Elia akamsahihisha. Yona akafungua ukurasa. Sista aliwaacha kidogo, kisha akaniuliza:

"Nyumbani kwenu nani anapika?"

"Mimi."

"Nani anajichoma?"

"Mimi."

"Nani alikuwa amelala kitanda kile?"

"Mimi, Sista."

"Sasa mbona nawasikia hawa wawili tu?"

Aliwaomba wakasubiri nje. Tukazungumza mimi na yeye, saa nzima. Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: siku ya mashine nasimama kwa saa ngapi, nakula nikiwa wapi, siku ya Jumapili tunapika nini. Nilimwambia nataka ugali wangu. Akasema nitakula, wa kukadiria, na mlenda, na maharage, na nyama ikiwepo. Mafuta? Akasema mafuta nitumie, yangu haya haya ya alizeti, kwa kijiko na siyo kwa kumimina. Sindano isikose, na nikibadilisha chochote kwenye sahani, kula zaidi au kula kidogo, nije kwanza ili na sindano waiangalie. "Sahani na sindano vinakwenda pamoja," alisema. "Usivitenganishe, na usiache mtu akutenganishie."

Nilitoka pale nikawaambia wanaume wawili waliokaa kwenye benchi bila kutazamana, "Kuanzia leo, atakayetaja kalori au samli nikiwa nakula, atapika mwenyewe."

Nilirudi nyumbani na sheria hiyo, na bado ipo.

Kupona kulikuwa kwa polepole, na kwa kuchosha. Wiki ya kwanza nilitembea mpaka kwenye geti. Ya tatu mpaka kanisani. Mvua za kwanza ziliponyesha nilikuwa natembea mpaka korongoni na kurudi kila asubuhi kabla ya chai, na jioni nakaa na kusimama kwenye kigoda mara ishirini huku nasubiri ugali uive. Sehemu ya uzito ilirudi, nikaufurahia. Sasa niko kwenye themanini na saba, nateremka kidogo kidogo, magoti yananitii. Kiroba cha mashudu nabeba mwenyewe.

Kijijini walisema nimeathirika. Mtu akikonda ghafla kwetu, jina lake linakuwa moja. Kwenye foleni ya maji mama mmoja aliniuliza, kwa sauti ya upole inayosikika mpaka mwisho wa foleni, kama nimeshaanza dozi. Nikamwambia, "Nimepima wodini, sina. Wewe umepima lini?" Foleni ilisogea haraka sana siku hiyo.

Haya yangeishia hapo kama siyo picha.

Siku ya tisa baada ya kutoka hospitali, Elia alikuja nyumbani akanipiga picha uani. Alisema anataka kuwatumia ndugu waone nimesimama. Miezi kadhaa baadaye, katikati ya msimu wa kulima, mteja mmoja alikuja kuulizia mashudu, akanikodolea macho, akatoa simu. "Mama Tumaini, kumbe ni wewe huyu?" Nikaitazama. Upande mmoja picha yangu ya siku tulipomuaga Tumaini kwenye sendofu, mnene, nimevaa gauni la kijani. Upande wa pili mimi uani, mashavu yamezama. Chini pameandikwa: kilo ishirini na nane kwa miezi mitatu, mafuta tu, bila dawa.

"Mama yangu naye anajichoma," yule mteja alisema. "Nataka nimwambie aanze kama wewe."

Nilimkalisha chini nikamweleza kila kitu, mashine haikuwashwa mpaka nilipomaliza. Kisha nikampigia kaka yangu.

"Itoe hiyo picha."

"Roda, imeshasambaa. Imewatia watu moyo, hujui tu. Jumamosi ijayo tuna mkutano, ukumbini, hapa mjini. Njoo utoe ushuhuda mwenyewe. Watu wanataka kukuona."

Nikasema, "Nitakuja."

Yona alitaka kunisindikiza. Nikamkatalia. "Ukija watasema wewe ndiye umenituma."

Ukumbi ulikuwa na watu kama sitini. Wafanyakazi wa maofisini, wanafunzi wawili watatu, wastaafu, kinamama wengi. Kwenye meza ya pembeni mayai ya kuchemsha, mishkaki na parachichi. Watu walikuwa wachangamfu, sina ubaya wa kuwasema. Wengi walikuwa wamepata nafuu ya kweli na walitaka wenzao waipate. Mshereheshaji aliniita kwa shangwe, akasema huyu ndiye dada wa mwenyekiti, yule wa picha. Walipiga makofi. Elia alikuwa mstari wa mbele, anatabasamu.

Nilishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wakubwa shikamooni. Ile picha mnayoipenda nilipigwa siku ya tisa tangu nitoke wodini," nilisema. "Huo wembamba mnaouona ni wa kitandani. Niliacha sindano, na siku ya nne nilibebwa juu ya magunia ya alizeti, sijitambui."

Makofi ya nyuma yalikuwa bado yanamalizika. Yakakatika.

"Dada, labda hukufuata utaratibu," mwanamume mmoja alisema. "Siyo wote wanafaulu."

"Sikufeli mtihani, baba. Nilikuwa nakufa."

Mshereheshaji akanyoosha mkono apokee kipaza sauti. Sikumpa. Niliwaambia sikuja kumkataza mtu mayai yake. Kaka yangu mlo huu umemfaa, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Niliwaambia pia kuwa kuhesabu nako kuliniangusha, ili wasidhani nimetumwa na upande wa pili. "Nimekuja kwa ajili ya maneno mawili yaliyoandikwa chini ya picha yangu. Bila dawa. Nayafuta leo, kwa mdomo wangu. Kama unajichoma, ukitaka kubadilisha mlo, uwe wa mafuta au wa namba, kaanze kliniki. Na kama umeshaacha sindano kwa sababu yangu, naomba leo hii urudi."

Elia alikuwa ameinamisha kichwa. Kulikuwa na minong'ono, na kiti kimoja kikasukumwa kwa nguvu, mtu akatoka. Nikadhani nimemaliza, na kwamba nitarudi Mlali bila kaka.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama katikati, ameshika kiti cha mbele yake. Umri kama wangu, amefunga kilemba cha bluu.

"Mimi naitwa Salome," alisema. "Niliacha Jumanne. Tangu jana natapika. Nilimpigia mwenyekiti akaniambia mwili unajisafisha." Alikuwa anavuta pumzi kati ya neno na neno, na mimi nikaijua pumzi ile.

Kisha Elia akainuka. Nilidhani anakuja kunijibu. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaenda mpaka katikati ya viti, akamshika yule mama kiwiko.

"Twende," alisema. "Gari lipo nje. Roda, njoo."

Nilikaa naye kiti cha nyuma, kichwa chake begani kwangu, nikawa namzungumzisha asilale. Elia aliendesha taa zikiwa zimewashwa, saa nane ya mchana, na honi ikilia.

Kwenye mapokezi ya dharura muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akaita kitanda. Wakati wanamlaza alituuliza haraka haraka, kalamu mkononi: jina, umri, ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani.

"Anatumia sindano ya sukari," nilisema. "Ameacha tangu Jumanne."

"Kwa nini ameacha? Nani alimwambia aache?"

Nilikuwa na jibu, na kwa miezi nilikuwa nalo, lakini halikuwa langu kulitoa.

"Ni mimi," Elia alisema. "Andika ni mimi. Na vidonge vyangu mwenyewe nimeacha, hajui mtu yeyote. Naomba na mimi unipime."

Muuguzi aliandika, akamwonyesha benchi. Kaka yangu akaenda kukaa miongoni mwa wagonjwa wengine, mikono juu ya magoti, akisubiri zamu yake. Sikumfuata, wala sikumpa neno la kumfariji. Salome alikuwa ananitafuta kwa macho kutoka kitandani, na dripu ilikuwa imeanza kuingia. Nikaenda kumshika mkono.